Peugeot 404 iliyolala bandani tangu 1993: msiliwashe kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Baba mkubwa alifariki mwaka jana huko Soni, Lushoto. Bandani kwake kumebaki Peugeot 404 saluni. Kadi inasema ni ya mwaka 1967. Mara ya mwisho ilitembea mwaka 1993. Ndugu zangu wamegawanyika. Mmoja keshaleta mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Mwingine anasema tutie betri mpya na petroli, tulivute kwa kamba mpaka barabarani, tuliachie mteremko wa kwenda Mombo, litawaka tu kwa sababu "Pijo haifi". Mimi nataka kulifufua, ila sijui nianzie wapi wala kama linastahili pesa. Naomba mwongozo wako.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Wewe unamwogopa ndugu mwenye mizani. Mimi namwogopa mwenye kamba. Mnunuzi wa chuma chakavu hawezi kuondoka na mali ya marehemu mpaka familia ikubaliane, kwa hiyo hapo mna nafasi ya kuzungumza. Kamba haingoji kikao. Alasiri moja inatosha, na jua likizama mtakuwa mmeiua kwa mikono yenu injini ambayo pengine ilikuwa nzima. Kwa hiyo kubwa kuliko yote nitakayosema leo ni hili: msiliwashe. Msitie betri, msilisukume, msilivute. Kuwasha injini ni kazi ya mwisho, na ukiifanya kwanza, hizo nyingine zitakugharimu mara mbili.

Nasema hivyo kwa sababu nimeshalifanya kosa hilo. Nilipokuwa kijana wa gereji tuliletewa 404 iliyokaa miaka tisa kwenye ghala moja Tanga. Mwenye gari alikuwa na haraka, na sisi tulikuwa na sifa ya kuwasha chochote. Tukaweka gia ya tatu, tukalivuta kwa Landrover. Magurudumu ya nyuma yaliburuza kwanza, kisha injini ikazunguka kwa mkwaruzo mmoja kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, ikawaka. Tukashangilia. Dakika kumi baadaye moshi wa buluu ulikuwa umejaa uwanjani. Tulipoifungua tukakuta ringi za pistoni ya silinda ya pili zimevunjika, vipande vyake vimechora slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) toka juu hadi chini, na pushirodi mbili, fimbo zinazosukuma valvu, zimepinda kwa sababu valvu zake zilikuwa zimeganda. Injini ile ingelainika kwa mkono ndani ya wiki moja. Nilikwenda kumweleza mzee mwenye gari kwamba uharibifu ule ni wetu, na tangu siku hiyo sijavuta tena gari lililolala.

Ujue kinachotokea ndani wakati gari limekaa. Oili iliyokuwa imepaka kuta za silinda huteremka taratibu mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na chuma hubaki kikavu. Sikuzote kuna valvu moja au mbili zilizobaki wazi, hivyo hewa yenye unyevu huingia, na unyevu wa milima ya Usambara si mdogo. Kutu nyembamba huota pale ringi inapogusa slivu na kuvishika vyote viwili kama gundi. Mashina ya valvu hushikwa na utando wa oili ya zamani. Vitu hivi vyote vinaweza kuachana bila jeraha, mradi viachanishwe polepole na vikiwa na mafuta. Nguvu ya ghafla ndiyo inayovunja.

Unauliza kama linastahili pesa. Ngoja nikwambie ni gari gani mlilo nalo. 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, bodi ikichorwa na Pininfarina wa Italia, na barabara zetu ndizo zilizolipa jina. Katika mashindano ya magari ya East African Safari ya 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu, na la kwanza likawa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 wakashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa hapa kwetu, akiishi Dar es Salaam. Mwaka 1968 wakarudi Nowicki na Cliff, na safari hiyo pia magari saba tu ndiyo yaliyofika. Ndugu yako anaposema "Pijo haifi" anarudia msemo wa wazee waliosikiliza mashindano yale redioni wakati wa Pasaka, na wazee hao walikuwa na sababu. Ila magari yale yalishinda kwa sababu mafundi waliyafungua na kuyakagua bolti kwa bolti kabla ya kuanza. Hakuna aliyeyatoa bandani na kuyaachia mteremko.

Sasa nenda bandani, na siku ya kwanza usiguse kitu. Vaa buti. Piga mlango na mabati kwa fimbo, kisha ngoja, kwa sababu banda lililofungwa miaka thelathini lina wenyeji wake: nyoka chini ya viti, nyuki kwenye buti la gari, nyigu nyuma ya taa. Halafu piga picha kila upande kabla hamjafagia. Tafuta funguo, jeki na hendeli, kile chuma kirefu chenye kona cha kuzungushia injini kutoka mbele. 404 ina tundu la hendeli, na chuma hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote utakavyovihitaji mwezi huu. Wazee wengi walikiweka buti pamoja na jeki. Kama hakipo, fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza akipewa kipimo sahihi cha meno ya mbele ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Kabla ya injini kuna swali moja ambalo ndilo litakaloamua kama gari litaishi: kutu. Gari hili halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chasisi. Injini inaweza kutengenezwa hata ikiwa imeharibika vipi, lakini bodi iliyooza kwenye mifupa ni kilio. Inua gari kwa jeki, uliegemeze kwenye magogo imara (kamwe usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), kisha chukua bisibisi ya zamani na ugonge. Gonga mihimili ya chini ya milango, sakafu ya mbele chini ya zulia, sehemu za kuwekea jeki, na sakafu ya buti pale tairi la akiba linapolala. Halafu fungua boneti uangalie juu ya matao ya magurudumu ya mbele, pale vichwa vya shokabzoba vinapofungwa. Bisibisi ikilia "ting", chuma kipo. Ikilia "dub" au ikazama, weka alama kwa chaki. Sakafu zilizotoboka zinaungika na fundi mzuri wa bodi. Alama zikiwa kwenye matao yale ya mbele, au mihimili ya milango ikiwa imekuwa biskuti pande zote mbili, nitakushauri ulihifadhi kwa ajili ya spea za 404 nyingine, na nitakushauri hivyo kwa uchungu. Hapo usikubali fundi atakayekwambia atajaza filla, ile lipu ya bodi. Filla haibebi uzito wowote.

Tuseme bodi imepona. Sasa tunaigusa injini.

Injini ya 404 imelala ubavu, imeinama nyuzi 45, na plagi zake zimezama kwenye mashimo marefu. Ndani ya mashimo hayo utakuta vumbi, mbegu, manyoya ya panya, pengine na kiota kizima. Ukifungua plagi kabla ya kuyasafisha, uchafu wote unaanguka juu ya pistoni. Pulizeni kwa kompresa au pampu ya baiskeli yenye mpira mrefu, mpaka pawe peupe, ndipo ufungue. Panga plagi mezani kwa namba zake, kwa maana kila moja ina habari yake. Iliyo kavu na ya kahawia, silinda yake ililala vizuri. Yenye kutu inakwambia ni silinda ipi iliyoachwa wazi kwa unyevu.

Mimina kwenye kila shimo mchanganyiko wa ATF (mafuta ya giaboksi za otomatiki) na mafuta ya taa, nusu kwa nusu, kama vijiko vitano vya chakula. Na kwa kuwa injini imeinama, mafuta hukusanyika upande wa chini wa pistoni na upande wa juu hubaki mkavu. Kwa hiyo usimimine mara moja ukasema umemaliza. Tumia bomba la sindano lenye mpira mwembamba, elekeza ukuta wa juu, na rudia asubuhi na jioni kwa siku nne au tano. Wakati huohuo fungua kifuniko cha juu, uone roka, vile vyuma vidogo vinavyobonyeza valvu. Paka mafuta kila shina la valvu na kila springi.

Siku ya sita, gia ikiwa huru na plagi zikiwa nje, shika hendeli. Usiirukie. Isukume kwa kiganja, nusu inchi mbele, nusu inchi nyuma. Ikicheza hata unene wa ukucha, umeshinda; ongeza mafuta, rudia, acha, rudia kesho. Siku itakapokamilisha mzunguko mmoja, mtu mmoja azungushe na mwingine aangalie roka zote nane zikipanda na kushuka. Valvu ambayo springi yake haikuirudisha imeganda. Igonge kidogo kwa nyundo ya mbao huku ukitia mafuta, na msizungushe zaidi mpaka irudi, maana pistoni ikiikuta chini itaipinda.

Na kama baada ya wiki mbili haijacheza hata kidogo? Hapo ndipo hedi, sehemu ya juu inayofunika silinda, itafunguliwa, na hapa nisikilize kwa makini, kwa sababu mafundi wengi wazuri waliozoea Toyota huumbuka hapa. Silinda za 404 hazikuchongwa kwenye bloki. Ni slivu nne zilizosimama ndani ya maji, zimekaa juu ya gasketi nyembamba huko chini, na kinachozikandamiza zisiinuke ni hedi peke yake. Ukitoa hedi kisha ukazungusha krenki, pistoni inapanda na slivu yake, gasketi ya chini inaachia, na maji ya rejeta yanapata njia ya kwenda kwenye sampu. Hutaona chochote siku hiyo. Utaona siku oili itakapokuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo hedi ikitoka tu, slivu zibanwe papo hapo kwa bolti na washa pana, kabla mtu hajaigusa hendeli. Mwulize fundi wako swali moja: "Ukitoa hedi ya 404, kitu cha kwanza unafanya nini?" Akijibu kwamba anabana slivu, mpe kazi. Akijibu kwamba anasafisha kaboni, mshukuru na umtafute mwingine, ikiwezekana mzee aliyezoea 504, ambayo slivu zake zimekaa vilevile.

Uzuri wa slivu hizo ni kwamba pistoni iliyokataa kabisa inaweza kutolewa pamoja na slivu yake na kuwekwa seti mpya, bila kupeleka bloki kuchongwa. Waliobuni injini ile walifikiria mafundi walio mbali na mashine kubwa.

Tukiwa bado hapo kwenye maji: wazee wetu walijaza rejeta maji ya bomba au ya mtoni, na slivu zikapata kutu kwa nje pia. Kutu hiyo hutuama chini ya bloki kama tope. Fungua rejeta imwagike, kisha fungua plagi ya kutolea maji iliyoko ubavuni mwa bloki. Usishangae kama halitoki hata tone. Ni tope limeziba. Chokoa kwa waya mpaka litiririke, halafu pitisha maji ya mpira kutoka juu na kutoka chini mpaka yatoke masafi. Mipira yote ya maji tupa. Ukijaza tena, jaza kulanti halisi, kwa kuwa hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu na chuma vikikaa pamoja kwenye maji matupu vinalana.

Oili ya injini imwage ikiwa imetulia, kabla hamjazungusha sana, na uangalie kinachotangulia. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini na hutoka kwanza. Kijiko kimoja cha maji baada ya miaka thelathini ni mvuke tu. Kikombe kizima ni slivu au gasketi ya hedi. Chukua sumaku na uipitishe kwenye tope la mwisho: unga mweusi ni kawaida, vipande vinavyometa si kawaida. Jaza 20W-50 ya kawaida, lita nne hivi, na ujue utaimwaga tena baada ya kilomita chache.

Petroli iliyobaki kwenye tangi si petroli tena. Imekuwa kama vanishi, na harufu yake utaijua kabla hujaiona. Tangi lishushwe, litikiswe na kokoto na mafuta ya taa, lisuuzwe mpaka kokoto zitoke safi. Kabureta ifunguliwe yote, kila jeti ipulizwe. Usichokoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu na gari litakula mafuta maisha yake yote. Wengi huniuliza kama magari haya yanaweza kutumia petroli ya siku hizi, kwa kuwa yalizaliwa zama za petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Kwa 404 lala usingizi. Hedi ya aluminiamu ina viti vya valvu vya chuma kigumu vilivyopachikwa, na kwa mwendo wa familia havitakusumbua.

Umeme nitaupitia haraka. Panya hupenda waya zile za zamani. Usiunganishe betri na gari zima; tengeneza njia ya muda yenye fyuzi, inayokwenda kwenye koili na stata tu. Safisha pointi kwa msasa laini, acha nafasi ya milimita 0.4, weka kondensa mpya. Taa, honi na waipa vingoje.

Sasa breki. Naziweka mbele ya kuwasha kwa makusudi, na hapa namwomba ndugu yako mwenye kamba asome mwenyewe.

Anaijua barabara ya Soni kwenda Mombo kuliko mimi: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori ya mboga yanapanda. Gari lenu la 1967 lina dramu magurudumu yote manne, na breki za miaka ile zilikuwa na njia moja tu ya mafuta. Mpira mmoja mdogo kama kifuniko cha soda ukipasuka kwenye gurudumu moja, kanyagio linazama na magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Mipira hiyo ina miaka thelathini na zaidi. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, maji yamekula wili silinda (silinda ndogo za breki kwenye magurudumu) kwa ndani, na pistoni zake zimeshika kutu. Kanyagio linaweza kuwa gumu na zuri mara mbili, mara tatu, likakudanganya kwamba lipo, kisha kona ya nne likaachia. Msiliachie mteremko huo. Hata likiwa limezimwa. Hata kwa mita hamsini.

Kazi yenyewe haina siri. Dramu zikigoma kutoka, legeza marekebisho ya shuu kwanza, kisha gonga kuzunguka ukingo kwa nyundo ya mbao. Badilisha wili silinda zote pamoja na masta silinda, ile inayosukumwa na kanyagio, au kama hazipatikani zisuguliwe ndani na kuwekwa mpira mpya, ikiwa hazina mashimo ya kutu. Hosi za mpira badilisha hata zikionekana nzima, kwa sababu huvimba kwa ndani: mafuta yanakwenda lakini hayarudi, gurudumu linabaki limekamata. Mabomba ya chuma yakwangue kwa kucha. Yenye magamba yatoke. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 na usikubali mtu aongeze oili ya aina yoyote, hata tone, maana mipira itavimba yote. Niliwahi kupokea gari ambalo kijana mmoja alijazia oili ya injini "kwa muda tu", tukabadilisha kila mpira toka mbele hadi nyuma.

Tairi ziangalie ubavuni. Namba ya tarehe ikiwa na tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, hata likiwa na kashata kama jipya. Zitumie kulisogeza gari bandani tu. 404 nyingi zilikuja na 165-380, na hiyo 380 ni milimita za rimu, karibu sawa na inchi 15, kwa hiyo 165 za inchi 15 huvaa.

Kuna kitu kimoja nyuma ambacho nimeona kikiharibiwa na watu wenye nia njema. Difu ya 404, gia ya ekseli ya nyuma, haina meno ya kawaida ya krauni na pinioni. Ina skrubu ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi, aina ya shaba, ndiyo maana inatembea kimya vile. Oili nzito za kisasa zilizoandikwa GL-5 zina dawa inayoweza kuila shaba. Kiwandani ilijazwa oili iliyotokana na mafuta ya nyonyo, na hayo yakichanganywa na oili ya kawaida hugeuka uji. Kwa vile hamjui marehemu alijaza nini, msiongeze kitu juu yake. Mwageni yote, msuuze, acheni ichuruzike usiku mzima, halafu mjaze oili ambayo muuzaji anaweza kukuonyesha kwenye kopo kwamba ni salama kwa shaba. Ikiwa fundi atakuambia oili ni oili tu, kaa naye mbali kwenye difu kama nilivyokwambia ukae mbali kwenye hedi. Giaboksi, kinyume chake, inatumia oili ya injini. Watu huijazia oili nzito ya gia, kisha wanalalamika kwamba inagoma asubuhi.

Siku ya kuwasha itakuja, labda mwezi wa tatu, labda wa nne. Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.10 za kuingiza, 0.25 za kutolea. Zungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izime na uone oili ikitoka kwenye roka. Ndipo urudishe plagi. Petroli iwe kwenye chupa ndogo iliyofungwa vizuri na kuning'inizwa mbali na joto, kizima moto kiwe karibu na mtu aliyepewa kazi hiyo tu. Itakohoa. Itatoa moshi mweupe wa ile ATF mliyomimina, mwingi, na majirani watakuja. Muache mmoja tu ndani ya gari. Wewe simama mbele ya rejeta na uangalie feni.

Feni hiyo usiipuuze. Peugeot waliifanya ijifungue yenyewe: injini ikiwa baridi pangaboi linazunguka kivivu, maji yakipata moto sumaku ya umeme inalikamata na linavuma. Kaboni yake ndogo ikiwa imekwisha, au swichi ya joto imekufa, feni haitakamata kamwe, na hedi ya aluminiamu itapinda wakati wewe unafurahia mlio. Wengi wa mafundi wa pwani huifunga moja kwa moja kwa kukaza skrubu zake za kurekebisha nafasi, ikabaki inazunguka sikuzote. Kwa miezi ya kwanza nakushauri ufanye hivyo. Utapoteza nguvu kidogo, na hedi itapona.

Kuhusu pesa, sitakutajia jumla kabla sijaona alama zako za chaki, maana bodi ndiyo itakayokula sehemu kubwa, kisha breki na tairi, na injini mara nyingi ni ya tatu. Hivyo usianze na rangi. Nimeona magari mengi yamepakwa rangi nzuri yakarudi bandani kwa sababu pesa za breki ziliishia kwa mpiga rangi. Spea uliza Gerezani na Ilala kwa Dar es Salaam. Kwa Nairobi, maduka ya Kirinyaga Road bado yana wazee wanaoijua 404 kwa jina. Ukienda, beba kifaa cha zamani mkononi, usitegemee maelezo ya mdomo.

Karatasi zianze wiki hii, kabla ya spana. Msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na mahakama, na yeye ndiye atakayesaini kuhamisha umiliki. Bila hivyo utatumia pesa zako kwenye gari la ukoo mzima. Linganisha namba ya chasisi kwenye kibao cha ndani ya boneti na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, ndipo uende TRA (Mamlaka ya Mapato) kuuliza habari ya namba mpya, kwa kuwa gari lililosimama 1993 bila shaka bado lina bamba la mtindo wa zamani. Na mwenye mizani mwambie bei yake ya kilo mmeisikia, arudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili zinatosha kwa bisibisi, chaki na mafuta ya kwenye plagi.

Niandikie ukishamaliza hayo matatu. Niambie alama za chaki ziko wapi, plagi ya ngapi ina kutu, na hendeli imecheza kiasi gani.